Mhanga, mwathiriwa au manusura? Namna ya kuchagua neno lifaalo katika habari

Taarifa ya ajali ya barabarani hufika katika chumba cha habari ikiwa fupi. Imeandikwa kwa Kiingereza, nayo husema tu kwamba ‘victims’ wamepelekwa hospitalini. Zimebaki dakika kumi na tano kabla ya taarifa ya habari kusomwa, na mfasiri anatakiwa kuisema sentensi hiyo kwa Kiswahili. Anaweza kuandika wahanga, waathirika, waathiriwa, majeruhi, manusura au marehemu. Maneno yote sita ni ya Kiswahili fasaha, na yote yamewahi kutumika kutafsiri neno hilo moja la Kiingereza. Hata hivyo, hayana maana moja.

Makala hii inaeleza tofauti zake, asili ya baadhi yake, na namna ya kuchagua lifaalo. Imeandikwa kwa ajili ya wasikilizaji wa Kiswahili nchini Rwanda, lakini huenda ikamfaa pia mwalimu, karani wa mahakama, mtumishi wa shirika la misaada na yeyote anayelazimika kueleza msiba wa mtu mwingine kwa lugha hii.

Simu kutoka Nyamirambo

Nilipokuwa bado mgeni katika kazi ya kutafsiri habari, niliandika kwamba wahanga wa ajali ya lori katika barabara ya Rusumo walikuwa wamefikishwa hospitalini. Haikupita nusu saa, simu ya chumba cha habari ikalia. Aliyepiga alikuwa mama mmoja wa Nyamirambo, mtu mzima kwa sauti yake. Mdogo wake alikuwa utingo wa malori yanayopita njia hiyo, na simu yake haikuwa ikipatikana tangu alfajiri.

Baada ya kumwamkia, aliniuliza: “Mwanangu, hao wahanga mliowataja ni wazima au ni maiti?”

Niliirudia taarifa ya asili. Haikusema. Nikamjibu, “Mama, kwa kweli sijui.”

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Kama hamjui, si mngesema kwamba hamjui?”

Tulipompata msemaji wa polisi, alitueleza kwamba watu watatu walikuwa wamejeruhiwa na hakuna aliyefariki. Katika taarifa iliyofuata tulisema “majeruhi watatu”, nami nikampigia yule mama simu. Kosa langu halikuwa la sarufi, kwa maana sentensi ilikuwa sahihi na neno lilikuwa la Kiswahili. Kosa lilikuwa kwamba nilitafsiri neno kabla ya kujua habari. Kiingereza kilimruhusu mwandishi wa kwanza asiseme kama watu wale walikuwa hai. Nami nilichagua neno ambalo masikioni mwa msikilizaji wangu lilisikika kama tangazo la kifo.

Neno lilikotoka

Katika Kilatini cha kale, ‘victima’ alikuwa mnyama aliyechinjwa kuwa sadaka kwa miungu. Kifaransa kililirithi neno hilo kwa umbo la ‘victime’, na Kiingereza nacho kikalichukua. Kadiri karne zilivyopita maana yake ilipanuka. Likawa jina la mtu aliyeuawa, kisha la aliyejeruhiwa, aliyeugua, aliyeibiwa, aliyetapeliwa, na hata la aliyepoteza nyumba kwa mafuriko. Leo mwandishi wa Kiingereza anaweza kulitumia kwa mtu aliyepigwa risasi akafa, na kwa abiria aliyechomolewa simu mfukoni katika kituo cha mabasi cha Nyabugogo.

Msomaji wa gazeti ana nafasi ya kurudi nyuma na kutafuta ufafanuzi katika aya iliyotangulia. Msikilizaji wa redio hana nafasi hiyo, kwani husikia mara moja, pengine akiwa jikoni, dukani au nyuma ya usukani. Neno likimfikia likiwa na maana tano, atachagua ile anayoiogopa zaidi.

Kinyarwanda, lugha ambayo wengi wetu tunaizungumza sambamba na Kiswahili, kina njia zake za kulieleza jambo hili. Kina ‘inzirakarengane’, yaani mtu aliyepatwa na mabaya pasipo kosa lake. Kina pia kitenzi ‘kuzira’, ambacho hubeba ndani yake sababu ya kifo au ya mateso, kiasi kwamba ‘abazize Jenoside’ ni wale walioangamia kwa sababu ya mauaji ya kimbari. Kiswahili hakina kitenzi kimoja kinacholingana nacho kikamilifu. Hutulazimu kutumia maneno mawili au matatu, na kila moja kati ya hayo linahitaji uamuzi.

Mhanga: ni nani aliyejitoa?

Neno mhanga limeenea sana katika magazeti ya Afrika Mashariki. Husemwa wahanga wa mafuriko, wahanga wa moto, wahanga wa ajali. Lakini matumizi yake yenye mizizi zaidi yamo katika usemi “kujitoa mhanga”, yaani kuyaweka maisha yako hatarini, au kuyatoa kabisa, kwa ajili ya jambo au kwa ajili ya wengine. Ndani ya usemi huo mna hiari. Mtu hujitoa mwenyewe.

Mfano ulio wazi ni wa wanafunzi wa Nyange, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Ngororero. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997 washambuliaji waliingia shuleni wakawaamuru wanafunzi watengane, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wanafunzi walikataa, wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa na wengine wakajeruhiwa, na taifa limewaweka katika daraja la mashujaa liitwalo Imena. Kusema kwamba vijana hao walijitoa mhanga ni kusema kweli kamili, kwa sababu walijua hatari na wakachagua.

Mwanakijiji aliyefunikwa na udongo akiwa usingizini hakuchagua lolote. Kumwita mhanga kunampa tendo ambalo hakulitenda, au kunamgeuza kafara bila kusema alitolewa na nani.

Tatizo huwa kubwa zaidi katika habari za mashambulizi. Kiswahili cha habari humwita anayejilipua katikati ya watu “mshambuliaji wa kujitoa mhanga”. Tarehe 11 Julai 2010 washambuliaji wa namna hiyo walijilipua mjini Kampala miongoni mwa watu waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, na zaidi ya watu 70 wakauawa. Mfasiri akiwaita waliouawa wahanga, aliyeua na aliyeuawa watapewa neno moja katika aya moja. Hakuna familia inayostahili kusikia hivyo.

Liko pia jambo dogo la sikio, ambalo mwenye kusoma hewani hukumbana nalo. Rwanda ina Wilaya ya Muhanga, katika Jimbo la Kusini. Sentensi inayozungumzia “wahanga wa Muhanga” humfanya msikilizaji asimame kuifikiria wakati habari inaendelea mbele bila yeye. Kwa sababu hizi zote, ni busara neno mhanga likabaki kwa anayejitoa.

Mwathirika na mwathiriwa

Maneno haya mawili yametokana na kitenzi kuathiri, na yametofautiana kwa silabi moja ya mwisho. Silabi hiyo ina kazi. Kikombe kikidondoka mezani, tunasema kimevunjika, nasi hatumtaji mtu. Kikivunjwa, yuko aliyekivunja, hata kama hatajwi. Anayejua Kinyarwanda atalitambua jambo hili mara moja, kwa kuwa ‘cyamenetse’ na ‘cyamenwe’ hutofautiana kwa namna hiyohiyo.

Kwa hiyo mwathirika ni mtu ambaye hali fulani imempata, iwe ukame, ugonjwa, mafuriko au kupanda kwa bei. Mwathiriwa ni mtu aliyefanyiwa jambo, na nyuma yake kuna mtendaji, kama vile mhalifu, jeshi, mwajiri dhalimu au mume mwenye kupiga. Si waandishi wote wanaoizingatia tofauti hii. Katika maandishi ya Tanzania mwathirika huonekana zaidi, na katika ya Kenya mwathiriwa ndiye aliyezoeleka, mara nyingi bila kujali kama kuna mtendaji au hakuna. Msikilizaji wa Kigali, ambaye huenda alijifunza Kiswahili Biryogo kwa babu yake, Goma sokoni, Bukoba shuleni au Kampala kazini, ameyasikia yote mawili. Hakuna anayekosea kwa kutumia moja wapo, lakini anayeandika habari ana sababu njema ya kuitunza tofauti, kwa maana inamwezesha kusema kwa silabi moja kama kuna mtu wa kuulizwa.

Mwathirika lina historia nyingine inayostahili kukumbukwa. Katika miaka ya 1990 neno hilo lilizoeleka mno katika habari za UKIMWI, hata likawa jina la watu wenyewe. Kusema tu kwamba fulani ni mwathirika, bila kuongeza lolote, kulitosha watu wamnong’one. Wenye virusi na watetezi wao walipinga, na leo lugha rasmi husema watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Badiliko hilo lilibeba hoja kwamba mtu ni mkubwa kuliko jambo lililompata. Hoja hiyo inafaa pia kwa aliyepigwa, aliyebakwa na aliyefukuzwa kwao.

Anapokuwa amefariki

Ikiwa mtu amekufa, ni lazima Kiswahili kiseme hivyo, nacho kina ngazi za heshima katika kusema. Kufa hutumika kwa kila kiumbe chenye uhai. Kwa binadamu, lugha ya habari hupendelea kufariki dunia au kupoteza maisha. Marehemu ni neno lenye asili ya Kiarabu, lenye maana ya aliyerehemiwa, na kwa hiyo ndani yake mna dua. Hayati hutangulia majina ya viongozi na watu mashuhuri. Maiti ni mwili, na haifai kumwita mtu hivyo mbele ya nduguze isipokuwa pale mwili wenyewe unapozungumziwa.

Uamuzi mzito zaidi uko kati ya kufariki na kuuawa. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilisababisha mafuriko na maporomoko ya udongo katika Jimbo la Magharibi na sehemu za Kaskazini na Kusini. Mto Sebeya ulifurika huko Rubavu. Watu zaidi ya 130 walifariki na maelfu ya nyumba zikabomoka. Hapo waliofariki ni neno sahihi. Mvua haina nia wala haishitakiwi.

Lakini mtu akichomwa kisu, au kijiji kikivamiwa na wenye silaha, kusema kwamba watu “walifariki” ni kumwondoa muuaji katika sentensi. Waliuawa. Taarifa za vita za Kiingereza, zikiwemo zile za mashariki mwa Kongo zinazotufikia karibu kila siku, mara nyingi hukusanya wote chini ya jina moja na idadi moja. Mfasiri analazimika kuuliza ni wangapi waliouawa, wangapi waliojeruhiwa, na kama ilithibitishwa nani aliyefanya hivyo. Ikiwa mtendaji hajathibitishwa, kitenzi kuuawa bado kinatosha, kwa kuwa kinasema kwamba yupo bila kumtaja.

Anapokuwa hai

Aliyeumia katika ajali au shambulio ni majeruhi. Neno hili halibadiliki katika umoja na wingi: majeruhi mmoja, majeruhi watatu. Aliyeambukizwa ni mgonjwa, na akipona ni aliyepona.

Mlipuko wa virusi vya Marburg ulitufunza umuhimu wa jambo hili. Rwanda iliutangaza tarehe 27 Septemba 2024. Ulipotangazwa kumalizika, tarehe 20 Desemba mwaka huohuo, watu 66 walikuwa wamethibitishwa kuambukizwa, na wengi wao walikuwa wahudumu wa afya. Kati yao 15 walifariki na 51 walipona. Tuseme mfasiri ameandika “waathirika 66 wa Marburg”. Msikilizaji aliyesikia kwamba ugonjwa huo huua wengi atafikiri kwamba watu 66 wamezikwa. Nao wale 51, ambao walirudi nyumbani na kukuta baadhi ya majirani wakiogopa kuwapa mkono, watakuwa wamenyimwa habari iliyo bora kuliko zote, kwamba wamepona. Wagonjwa, waliofariki, waliopona: ukweli wote umo katika maneno hayo matatu.

Kwa aliyepita katika hatari ya kifo akatoka hai, Kiswahili kina neno manusura. Kunusuru ni kuokoa, kunusurika ni kuokoka, na nusura, tunapoitumia katika sentensi kama “nusura aanguke”, ni kusema kwamba lilibaki kidogo tu. Manusura ni neno lenye heshima, kwa sababu linakiri ukubwa wa hatari na pia linakiri kwamba mtu yupo.

Hapa Mnyarwanda anapaswa kujihadhari na mtego mmoja. Kinyarwanda husema ‘abarokotse’, na kitenzi chake ‘kurokoka’ ni ndugu wa damu wa kuokoka cha Kiswahili. Ni rahisi basi kutafsiri kwamba hao ni “waliookoka”. Lakini katika Kiswahili cha leo, aliyeokoka kwa kawaida ni mkristo aliyetubu na kuanza maisha mapya ya imani. Maana hiyo ina uhusiano na ardhi hii yenyewe, kwa kuwa uamsho wa Kikristo wa Afrika Mashariki ulianzia Gahini, mashariki mwa Rwanda, katika miaka ya 1930, na wafuasi wake wakaitwa ‘abarokore’ huku na ‘balokole’ Uganda. Msikilizaji wa Mwanza au Mombasa akisikia kwamba “waliookoka wamekusanyika Gisozi”, atadhani ni mkutano wa injili.

Katika siku za kumbukumbu

Hakuna wakati ambapo uchaguzi huu una uzito kuliko tarehe 7 Aprili na siku mia moja zinazofuata. Mwaka 1994, katika muda kama huo, Watutsi waliuawa nchini kote, na Wahutu waliopinga mauaji wakauawa pia. Serikali ya Rwanda huhesabu waliouawa kuwa zaidi ya milioni moja. Katika kumbukumbu ya Gisozi, hapa Kigali, imehifadhiwa mabaki ya watu zaidi ya 250,000.

Jina la tukio lenyewe ni mfano wa tafsiri yenye wajibu. Kwa muda mrefu baadhi ya vyombo vya habari vya Kiswahili vilisema mauaji ya halaiki. Halaiki ni umati, kundi kubwa la watu. Neno hilo linahesabu waliouawa, lakini halisemi kwa nini waliuawa. Mauaji ya kimbari yametoka katika mbari, yaani ukoo au nasaba, na yanasema kwamba mtu aliuawa kwa sababu ya alikozaliwa. Hiyo ndiyo maana ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1948, ambao hauangalii idadi pekee bali nia ya kuliangamiza kundi. Tarehe 26 Januari 2018 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua kwamba siku ya 7 Aprili itajwe kuwa ya kutafakari mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi. Kinyarwanda husema ‘Jenoside yakorewe Abatutsi’, yaani ile waliyofanyiwa Watutsi. Katika lugha zote mbili aliyelengwa anatajwa.

Sasa tuseme hotuba ya Kiingereza inazungumzia ‘victims’ wa mauaji hayo. Ikiwa msemaji anaweka shada la maua kaburini, anazungumzia waliouawa. Ikiwa anazungumzia matibabu, makazi au ada za shule, anazungumzia manusura. Rwanda ilianzisha mfuko wa kuwasaidia manusura hao wenye mahitaji makubwa mwaka 1998, nao ulijulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, FARG. Ikiwa anazungumzia haki mahakamani, huenda anawakusudia wote pamoja. Neno moja la Kiingereza limewaweka pamoja walio kaburini na walioketi mstari wa mbele wakisikiliza hotuba. Kiswahili kikiwaita wote waathirika, aliye hai huhesabiwa na wafu, na aliyeuawa huonekana kama mtu aliyepatwa na hali mbaya ya hewa.

Kinyarwanda kilikuwa na jina jingine la manusura, ‘abacitse ku icumu’, waliokwepa mkuki. Ni picha kali, na anayeitafsiri neno kwa neno atawashangaza wasikilizaji wasioujua usemi huo. Manusura linatosha.

Mbele ya sheria

Liko eneo moja ambalo upana wa neno la Kiingereza si uvivu bali ni makusudi. Azimio la Umoja wa Mataifa la tarehe 29 Novemba 1985 kuhusu haki kwa walioathiriwa na uhalifu linamhesabu aliyedhurika mwilini, akilini au katika mali, na pale inapofaa linaihesabu pia familia yake ya karibu na wanaomtegemea. Hapo mwathiriwa ndilo neno lifaalo, kwa kuwa linawabeba wafu, walio hai na jamaa zao, na linaonyesha kwamba kuna aliyetenda.

Hivyo ndivyo inavyofaa kusemwa katika kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Thomas Lubanga wa Ituri alitiwa hatiani tarehe 14 Machi 2012 kwa kuwaandikisha na kuwatumia watoto katika vita. Bosco Ntaganda, aliyejisalimisha katika ubalozi wa Marekani hapa Kigali mwezi Machi 2013, alitiwa hatiani mwaka 2019. Katika kesi hizo waathiriwa waliruhusiwa kuwakilishwa na mawakili wao. Miongoni mwao walikuwamo watoto waliobebeshwa bunduki, ambao mtu wa kijijini kwao angeweza kuwaita wapiganaji. Mahakama ilitambua kwamba walifanyiwa uovu kabla ya kutumwa kuutenda.

Tahadhari inahitajika katika kesi ambayo haijaamuliwa. Kama vile mtuhumiwa si mhalifu hadi mahakama iseme, vivyo hivyo kumwita mtu “mwathiriwa wa wizi” kabla ya hukumu ni kuthibitisha wizi. Mlalamikaji, au anayedai kuibiwa, ni maneno yasiyomtangulia hakimu.

Mara nyingi kitenzi kinatosha

Kiingereza hupenda nomino. Kiswahili kina nguvu katika kitenzi, na kitenzi chake hubeba mtenda, mtendwa, wakati na sababu katika neno moja. Aliyeibiwa. Waliotapeliwa. Aliyebakwa. Waliobomolewa nyumba. Walioachwa bila makazi. Kila moja linaeleza zaidi ya mhanga na mwathirika, na hakuna linalomgeuza mtu kuwa tukio lake. Aliyeibiwa leo anaweza kesho kuwa tu mwalimu, mfanyabiashara au jirani.

Kuhusu ubakaji, yapo mambo mawili ya kuongeza. Kwanza, jina na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu havitangazwi, hata kama vimo katika taarifa ya asili. Pili, wengi waliopitia ukatili huo na wanaharakati wanaowasaidia hupendelea manusura. Mtu akiwa amejichagulia jina, mfasiri hana sababu ya kumrudishia jingine.

Maswali matatu kabla ya kuandika

La kwanza: yu hai, au amefariki? Hili lisipojulikana, maneno mengine yote yasubiri.

La pili: limempata jambo, au amefanyiwa na mtu? Jibu ndilo linaloamua kati ya kufariki na kuuawa, na kati ya mwathirika na mwathiriwa.

La tatu: yeye mwenyewe, au jamaa zake, wanajiitaje?

Kwa ufupi, maneno yenyewe yanaweza kupangwa hivi:

- Mhanga: anayejitoa kwa hiari kwa ajili ya wengine.
- Majeruhi: aliyeumia mwilini na yu hai.
- Marehemu, aliyefariki: aliyekufa kwa ugonjwa, ajali au janga la asili.
- Aliyeuawa: aliyekufa kwa mkono wa mtu.
- Manusura: aliyetoka hai katika hatari ya kifo au katika ukatili.
- Mwathirika: aliyepatwa na hali, kama ukame au mafuriko, bila mtendaji.
- Mwathiriwa: aliyefanyiwa uovu, hasa katika lugha ya sheria.
- Mlalamikaji: anayedai kutendewa kosa wakati kesi haijaamuliwa.

Kiswahili kiliidhinishwa na bunge la Rwanda mwezi Februari 2017 kuwa lugha rasmi ya nne, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Tangu hapo nyaraka nyingi zaidi zinahitaji kutafsiriwa, na watu wengi zaidi wanategemea tafsiri hizo. Mzee wa Biryogo asiyesoma Kiingereza, mkimbizi wa Kongo aliyeko kambini, dereva wa lori kutoka Dar es Salaam aliyeegesha Rusumo: hawa huipata habari kwa neno tulilolichagua sisi, bila la asili la kulilinganisha nalo.

Na pale ambapo jibu halijapatikana, bado kuna sentensi ya Kiswahili iliyo sahihi na ya kweli: hali ya watu waliokuwamo haijajulikana. Mama yule wa Nyamirambo angeisikia sentensi hiyo akiwa na hofu ileile. Lakini asingemlilia mdogo wake kwa nusu saa kwa sababu ya neno ambalo mimi sikuwa na haki ya kulitamka.